Goti la Mama Mkwe na Sindano Zangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Fundi cherehani amenihama. Nimemkuta asubuhi kwenye korido, amekaa benchi la upande wa pili, kofia mapajani, akijifanya anasoma tangazo la kuzima simu. Tangazo lenye maneno mawili! Nikamuuliza mgongo unaendeleaje. Akasema vizuri tu, Daktari, asante, nasubiri kidogo. Anasubiri nini? Sikuwa na haja ya kuuliza. Benchi lile ni la Bi Pole.

Niandike mambo yalivyo, ili siku nikianguka kwa presha ijulikane chanzo. Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, kuna vyumba viwili vya tiba ya sindano. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, hazina dawa ndani. Unamchoma mtu mahali panapostahili, maumivu yanapungua. Chumba cha kushoto ni changu. Cha kulia ni cha mama mmoja ambaye jina lake la kwenye vyeti hakuna anayelikumbuka tena, kwa sababu kila anayeingia humwambia pole. Kichwa kinauma? Pole. Umepanda ngazi? Pole. Umelowa mvua? Pole sana, kaa hapa. Tulisoma chuo kimoja. Nilimtangulia, na alama zangu zilikuwa juu ya zake (niliuliza). Sindano tunanunua kwa muuzaji yuleyule. Pointi za mwili ni zilezile, hazijahamishwa na mtu. Sasa iweje mgongo mmoja, sindano aina moja, pointi moja, kwangu uendelee kuuma na kwake utulie?

Tangu lini pole ikawa tiba?

Nyumbani nako hakukaliki. Mama mkwe alikuja kwa wiki moja kwa sababu ya goti. Wiki hiyo sasa imeota meno. Analala kwenye chumba changu cha kusomea. Vitabu vyangu vimehamia stoo, juu ya ndoo. Kiti cha dirishani, changu tangu tuhamie hapa, kimekuwa chake. Redio hainiletei habari tena, inaniletea kwaya. Lakini leo mezani katamka mwenyewe, mbele ya binti yake: goti likipona tu, anarudi kwake.

Nikaacha kutafuna. Mimi ni mtaalamu wa nini? Wa maumivu! Mpaka leo alikuwa anajipaka mafuta yake ya chupa na kukataa mambo mengine yote. Leo kakubali. Basi mpango ni huu: goti lipone kabla ya Jumapili. Mama mkwe anaondoka, chumba kinarudi, na mji mzima unajua nani ana mkono wa tiba. Mke wangu akaniomba nimfanyie mama yake taratibu. Nikamwambia sindano haina taratibu, ama imeingia ama haijaingia.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Tiba ya kwanza. Sebuleni, kwenye kochi refu. Nikanawa, nikapanga sindano kwenye sinia, nikapasafisha goti kwa spiriti. Sikusema neno lisilo na kazi. Mtu na mama mkwe wake wanazungumza nini? Miaka yote hii shikamoo na marahaba zimetutosha, na sijaona upungufu.

Nimefanya kazi safi kama fundi saa. Pointi chini ya pia ya goti, mbili pembeni, moja kwenye misuli ya mguu. Kila sindano wima. Ingepaswa kupigwa picha.

Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema anamshukuru Mungu. Nakijua kizazi hiki. Anayemshukuru Mungu kwa sauti ile bado anaumwa. Nikamuuliza tena. Akasema ni hivyohivyo tu, mwanangu. Kisha akauliza itachukua muda gani. Nikajibu vizuri kabisa, kwa heshima, kwamba nitaharakisha kadiri niwezavyo ili arudi kwake mapema.

Mke wangu, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai, alinitazama kama mtu aliyekuta mende kwenye sukari. Sijui nilikosea wapi. Mgonjwa yeyote anataka kurudi nyumbani!

Mama mkwe aliinuka, akaenda chumbani kwangu, yaani chumbani kwake, akishika ukuta.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kama sindano chache hazikutosha, dawa ni sindano nyingi. Hesabu hiyo haihitaji chuo. Leo nimemwekea mguu mzima mpaka akafanana na nungunungu. Akafumba macho. Midomo inacheza. Nadhani alikuwa anasali. Nikamwambia asikaze misuli. Akaikaza zaidi. Nikamwambia tena, kwa sauti ya kitaalamu. Akasema haikazi yeye, inajikaza yenyewe ikinisikia.

Jioni goti limevimba kidogo. Anapanda ngazi kiubavu kama kaa. Mke wangu haongei na mimi, anaongea na sufuria.

Jambo baya zaidi: nilikuwa nyuma ya nyumba naanika mataulo ya kazini nikamsikia akisema na jirani ukutani. Alisema mkwe wake kasoma sana, hakuna ubishi, ila ana mkono mzito.

Mkono mzito! Mimi! Mwalimu wetu chuoni alisema mkono wangu ni kama wa mtu anayeokota yai. Nimejichoma mwenyewe sindano gotini ili kuhakikisha. Sikusikia kitu. (Labda kidogo. Nilishtuka kwa sababu paka alipita.)

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Aibu. Aibu yenye miguu miwili, tena iliyopona!

Saa za asubuhi nilikuwa na mgonjwa mmoja, mwalimu wa hesabu, mwenye kichwa kinachomgonga kama nyundo upande mmoja. Nimemwekea sindano, kanyamaza, nimenyamaza, kazi inaendelea. Mara ukutani, upande wa Bi Pole, kicheko. Si kicheko cha kawaida. Kicheko cha mtu anayeshikilia mbavu. Kikakoma, kikaanza upya. Mwalimu wa hesabu akafungua jicho moja, akasema huko wanafurahi. Nikamwambia afumbe jicho.

Nikatoka kwenda kugonga, nidai utulivu. Mlango ukafunguka kabla sijagonga. Akatoka mke wangu. Nyuma yake, akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga, mama mkwe!

Miaka kumi na moja ya ndoa. Sijawahi kumsikia mama huyu akicheka. Nilidhani hana kifaa hicho.

Akanisalimia vizuri sana. Kisha akashuka ngazi mguu mmoja baada ya mwingine, mbelembele, kama bibi harusi anayejua anatazamwa. Benchi langu zima lilitazama. Benchi langu zima ni mtu mmoja, mzee wa bega, naye aliinuka taratibu, akakung'uta suruali, akahamia benchi la kulia.

Bi Pole akaniambia nina mama mkwe mzuri, anajua hadithi. Nikamuuliza kamchoma pointi zipi. Akanitajia. Ni zilezile! Zangu za Jumanne, kasoro moja!

Mke wangu anasema hakunificha, ila hakuniambia. Nimelala sebuleni mchana huu kwa makusudi, kwenye kochi, ili waone nimeumia. Hakuna aliyeona. Walikuwa jikoni wanacheka.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bi Pole ana siri. Pointi zilezile, basi lazima kuna kitu kingine. Mafuta kwenye sindano? Moshi wa kitu? Sumaku chini ya kitanda? Leo nimeamua kuchunguza kisayansi.

Alitoka kwenda kuchota maji ya kunawia. Nikaingia. Sindano: zilezile, boksi lilelile, hata bei imebandikwa palepale. Kitanda: kibaya kuliko changu, kinalia. Chini ya kitanda: ndala. Ukutani hana hata picha ya mishipa! Mimi ninayo kubwa, ya rangi, yenye mtu aliyechunwa ngozi, inayowapa wagonjwa imani. Yeye ana picha ya bata.

Nikasikia hatua. Nikaingia nyuma ya pazia la kubadilishia nguo. Akarudi, tena na fundi cherehani.

Hapo ndipo nilipokutana na uvivu ambao sijawahi kuushuhudia katika taaluma hii. Hakugusa sindano! Alikaa tu kwenye kigoda. Akamuuliza mgongo umeamkaje leo. Fundi akasema afadhali, ila jana ulikaza. Bi Pole akasema pole, halafu? Fundi akasema ulikaza baada ya simu. Halafu? Simu ya kaka yake, ambaye hawajaongea tangu wagawane mashine za baba yao. Halafu? Mtu mzima yule, mwenye ndevu, akaanza kueleza namna kaka yake alivyopiga simu na wote wawili wakanyamaza, wakasikilizana wakipumua, kisha simu ikakatika. Bi Pole hakumshauri kitu. Hakumwambia samehe wala usisamehe. Alisema tu kwamba hiyo lazima ilikuwa nzito, pole. Kisha akamwambia anaweka mkono wake hapa, je, ni hapa? Fundi akasema ni hapohapo hasa, akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu wagawane mashine.

Ndipo akachoma. Sindano chache! Fundi akalala usingizi.

Nami nikaanza kuelemewa na vumbi la pazia. Nilijizuia. Nilibana pua. Nikapiga chafya kwa masikio, kama hilo linawezekana, nikashika pazia, pazia likaja lote pamoja na bomba lake, likanigonga pua.

Nikasema nakagua unyevu ukutani.

Mwanamke mwingine angepiga kelele, na angekuwa na haki. Bi Pole alinitazama nimejifunga pazia, akasema, "Pole, Daktari. Umeumia?" Na alimaanisha! Hilo ndilo linaloudhi kuliko yote. Alinifutia damu puani. Baadaye, fundi alipokwisha kuondoka, alinifuata mlangoni, akaniambia kwa upole ila bila kucheka kwamba maneno ya mgonjwa ni ya mgonjwa, nisirudie tena. Nikasema bila shaka, unyevu umeisha.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetafakari Jumapili nzima. Siri ni maneno mawili: POLE na HALAFU. Hakuna kingine. Hata kasuku angeweza.

Asubuhi nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Pole. Pole! Poole. Ya kwanza ilitoka kama askari anayekusimamisha. Ya tatu ilimtoa mke wangu bafuni akiuliza nani kafa. Nikachagua ya kati. Nikaandika pia maswali ya kirafiki kwenye kiganja, kwa kalamu, yasinipotee.

Mgonjwa wa kwanza, mwalimu wa hesabu. Hata hajafunga mlango nikamwambia pole. Akauliza pole ya nini. Nikasema ya chochote. Akakaa. Akasema kichwa kilimgonga tangu juzi, kikaacha jana. Nikasema halafu? Akasema halafu kikaacha. Halafu? Akasema Daktari, kimeacha, hakuna halafu. Nikaona mambo yanakwama, nikachungulia kiganja. Jasho lilikuwa limefuta nusu. Neno lililobaki ni mama. Nikamuuliza mama hajambo?

Mama yake alifariki mwaka jana.

"Pole," nikasema. "Halafu?"

Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu, macho ya mtu anayesahihisha mtihani uliomkatisha tamaa. Akasema amekuja kwa ajili ya kichwa, si kuhojiwa. Akauliza mbona nasoma mkono wangu, mimi ni mganga wa aina gani? Akaondoka na kichwa chake. Nilimsikia kwenye korido. Bi Pole alimwambia pole, na huyu, huyu aliyekuwa hana halafu, akaanza kulia na kusimulia habari za mama yake palepale mlangoni!

Neno lilelile! Kwangu lilikuwa limetoka na vokali zote!

Jumatano, tarehe 12 Machi

Habari njema: Bi Pole kaondoka. Dada yake kajifungua mbali, naye kaenda kumsaidia mpaka wiki ijayo. Kafunga chumba, kabandika karatasi ya kuomba radhi. Benchi lake tupu. Nilifungua mlango wangu wazi kabisa na kusimama hapo, nikitabasamu. Mzee wa bega alifika, akasoma karatasi, akanitazama nikitabasamu, akasema atavumilia.

Habari mbaya: goti la mama mkwe limerudi. Ile nafuu ya Bi Pole imekaa siku kadhaa, ikapungua. Leo kashindwa kupanda ngazi hata kiubavu. Nilipita jikoni nikamkuta anamenya vitunguu na machozi yanamtoka. Nikataka kupita. Kisha nikaona vitunguu vyenyewe bado vina maganda.

Nikachukua chumvi nisiyoihitaji, nikatoka.

Usiku wa leo nasoma kitabu changu cha zamani cha chuo. Kuna ukurasa mzima kuhusu mwelekeo wa kitanda! Kichwa cha mgonjwa kielekee mlangoni. Mlangoni! Kochi letu limeelekea ukutani! Hili jambo dogo, na miaka yote nimelipuuza. Kesho nalizungusha.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Siku ya ushindi. Mgongo wangu unaniuma, nguo zimelowa, lakini ni ushindi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Mke wangu alikwenda kazini. Nikazungusha kochi, kichwa kikaelekea mlangoni. Mama mkwe akauliza kwa nini samani zinatembea. Nikasema sayansi. Akalala. Nikaweka sindano, pointi zilezile za Jumanne ya kwanza, moja moja. Alikaza misuli. Nilikuwa karibu kumwambia asikaze.

Mara nikasikia maji. Tangu asubuhi mabomba yalikuwa makavu, na mtu fulani (mimi) alikuwa ameacha la jikoni wazi. Maji yalikuwa yamerudi na hasira zote. Sinki limejaa, linamwagika, mto unakuja sebuleni. Nikakimbia. Vigae vikaninyima ushirikiano. Nilikwenda hewani, nikaliona dari, nikatua kwa makalio, nikateleza mpaka kwenye mguu wa meza, na ndoo ikanifuata kichwani.

Na mama mkwe, amelala na sindano gotini, hawezi kunyanyuka, akaangua kicheko. Kile kicheko cha Ijumaa! Mbele yangu!

Hapo nikapasuka. Nimekaa majini na kofia ya ndoo, nikasema yote. Nikasema cheka tu, Mama, kila mtu acheke. Nikasema mkono wangu si mzito. Nikasema nimesoma usiku na mchana na wagonjwa wananikimbia kama nina ukoma, na sijui kwa nini, na kila asubuhi napanda ngazi zile naogopa kuliangalia benchi langu. Nikasema miaka kumi na moja, wewe mwenyewe hujawahi kuniambia hata siku moja kwamba nimefanya jambo jema. Hata nilipopaka rangi nyumba yako! Ulisema umeona tone sakafuni!

Maji yakaendelea kumwagika. Nikatamani sakafu initwae.

"Kumbe unaongea," akasema mama mkwe.

Akasema siku zote alidhani namdharau. Akasema mkwe wake mwingine akija humchosha kwa maneno, huyu wa sindano anasema shikamoo na kutazama saa. Basi naye akajikunja. Lile tone alilitaja kwa sababu hakujua aseme nini kingine, rangi ilikuwa nzuri na mwanaume kasimama kama mlingoti. Akasema na mimi juzi nimemwambia naharakisha ili aondoke. Nikasema ndiyo. Akasema basi angalau ni mkweli.

Kisha akaniambia jambo ambalo nitaliandika kwa kifupi kwa sababu ni lake. Lile goti hakuliumiza kwa kujikwaa kidogo, kama alivyomwambia binti yake. Alianguka kwenye ngazi za nyumba yake asubuhi, hakuna mtu ndani, na akalala pale chini, akiita, mpaka muuza maziwa alipopita jioni na kusikia. Siku nzima. Aliona jua likipita sakafuni, likaondoka. Akasema goti linauma, ndiyo, lakini si goti linalomwamsha. Ni ile nyumba. Kila akiwaza kurudi, mguu unakaza wenyewe.

Akaniomba nisimwambie mke wangu, atajilaumu.

Sijui nilisema nini. Nilikuwa nimesogea karibu na kochi, nimekaa sakafuni, makalio kwenye maji, nimemshika mkono, sijui nani aliuchukua mkono wa mwenzake. Nadhani nilisema, "Pole, Mama." Sikuwa nimepanga. Ilinitoka tu. Hata sikumbuki ilikuwa pole ya aina gani kati ya zile za kwenye kioo. Tulikaa hivyo. Alinisimulia na mengine, ya marehemu mumewe na namna alivyokuwa akipiga mluzi bafuni. Sindano nilizisahau kabisa, zikakaa humo muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Nilipozitoa, mguu ulikuwa laini kama mkate. Akaketi. Akasimama. Akaenda jikoni, akafunga bomba, akarudi na tambara, akaniambia nisukume maji kuelekea mlangoni, si kuelekea kwenye zulia, mwanaume mzima! Na ndipo nikagundua.

Ametembea! Mbelembele! Bila ukuta!

MLANGONI. Kichwa kilielekea mlangoni! Kitabu kilisema!

Jumapili, tarehe 16 Machi

Goti bado zuri. Jana kapanda ngazi, kashuka, kapanda tena kwa sababu alisahau miwani. Mke wangu alilia, akanikumbatia, akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza habari ya kochi. Akasema kochi? Nikamchorea. Akautazama mchoro, akanitazama mimi, akaenda kumuuliza mama yake. Mama yake akasema tulizungumza tu kidogo na mkwe. Wanawake hawa hawataki kumpa mtu sifa ya kitaalamu.

Lile la ngazi sijasema. Nilikaribia kulisema mke wangu aliponibana, nikasema nimesikia jirani ananiita.

Leo mchana, baada ya kula, mama mkwe kaweka kijiko chini, katangaza. Goti limeipenda nyumba hii. Kwa hiyo hatarudi. Nyumba yake ataipangisha. Kitanda chake na kabati lake vinakuja wiki hii kwa lori.

Nikasema lakini, Mama, ulisema likipona!

"Si ndiyo limepona, mwanangu," akasema. "Sasa nikaliharibie wapi?"

Nikafungua mdomo. Nikakumbuka jua lile likipita sakafuni. Nikafunga mdomo. Nikamuuliza tu kabati lina upana gani, maana chumba changu cha kusomea si kikubwa. Akasema vitabu vyangu atanipangia mwenyewe juu yake. Tena kaniachia kiti cha dirishani jioni hii, ila nisikilize naye kwaya. Ni mbaya kama nilivyodhani. Mwimbaji wa pili yuko juu ya sauti. Nilimwambia, akakubali, tukabishana kuhusu wa tatu.

Lakini hebu fikiria! Nimemponya mtu kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba nimepoteza chumba. Ningeponya vibaya kidogo ningekuwa na amani.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Bi Pole karudi. Habari za goti zilikuwa zimemfikia kabla hajafungua kufuli, mama mkwe kampigia simu. Akaja kunipongeza, kwa moyo kabisa, inaudhi. Akauliza nilifanyaje. Nikamweleza habari ya mlango. Akasema sindano zake na zangu zinatoka kiwanda kimoja, na zinafanya kazi, hilo hana shaka. Ila yeye huona zinafanya kazi vizuri zaidi kwa mtu aliyekwisha kuamini kwamba anayezishika yuko upande wake. Akauliza, je, hatukuzungumza lolote na Mama siku ile? Nikasema tulizungumza sana, bahati mbaya, kulikuwa na mafuriko, lakini nashukuru hayakuharibu tiba.

Alinitazama. Akasema pole.

Nimegeuza kitanda changu cha kazini, kichwa kinaelekea mlangoni. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la mwelekeo, mazungumzo hayana nafasi, yanapoteza muda tu. Nimebandika ukutani, chini ya yule mtu aliyechunwa ngozi: KIMYA. SINDANO ZINAFANYA KAZI.

Mwalimu wa hesabu akaja! Kwangu! Kwenye benchi la Bi Pole hakukuwa na nafasi, lakini mlango alioingia ni wangu. Akalala, kichwa mlangoni, sawasawa na kitabu. Akaanza kusema kwamba juzi hakunitendea haki, na kwamba kichwa hiki kilianza siku ile mama yake alipo... Nikamwonyesha tangazo. Akanyamaza. Nikaweka sindano wima, kazi ya picha.

Nilipozitoa nikamuuliza. Akasema anamshukuru Mungu. Akatoka, akasimama kwenye korido, akasubiri mpaka nafasi ikapatikana upande wa kulia.

Haiwezekani. Mwelekeo ni uleule! Bi Pole alipotoka kunywa chai nikachukua futi kamba, nikapima mlango wake. Upana sawa. Urefu sawa. Nikapima mara ya pili, nikiwa nimepiga magoti, na fundi cherehani akipita juu yangu akiomba samahani. Sawa kabisa.

Ndipo nikarudi nyuma hatua chache, nikautazama mlango mzima, nikapigwa na jibu usoni. Wangu ni wa kahawia. Wake ni wa kijani!

Fundi rangi anakuja Jumatano.